Mabonge ya lupasi chini ya ngozi: dawa niliyoipenda na dawa niliyoidharau

Bonge la kwanza nililigundua msimu wa karafuu wa 2018, mkono wa kushoto, nyuma, kati ya bega na kiwiko. Kwa juu huoni kitu, ngozi safi kabisa, ila ukibonyeza kuna kigumu ndani kama kokwa ya zambarau na kinauma. Mie ni mwalimu wa skuli ya msingi upande wa Wete, lakini msimu ukifika Pemba hakuna mwalimu wala karani, sote wakulima, asubuhi unasomesha, mchana upo juani unaanika na kugeuza karafuu kwenye majamvi, usiku mnakaa kuchambua makonyo mpaka vidole vinawaka. Kwa hivyo nikajisemea nimejigonga mahali na sikumbuki.

Mamaangu akasema jipu, litaiva. Likapita wiki ya pili, ya tatu, ya sita, jipu gani hilo lisiloiva. Likawa kubwa kama kungumanga na likapata mwenziwe pembeni, halafu likatoka jengine bega la kulia.

Hapa ndo nikaanza kufanya makosa, na nayasema hapa kwa sababu kila mtu aliyenifata kuniuliza habari zake nakuta na yeye keshafanya hayo hayo au yuko njiani kuyafanya. Kwanza nilikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, nikaambiwa ni jipu la ndani, linataka kupasuliwa. Likapasuliwa. Usaha haukutoka hata tone, kilichotoka ni maji maji ya mafuta mafuta ya njano, yule aliyenipasua mwenyewe akashangaa, akanifunga bendeji na kunipa sindano za antibayotiki siku tano za makalio. Kile kidonda kilikaa miezi mitatu hakifungi. Na pale nilipopigwa sindano, upande mmoja, baada ya wiki kama tatu pakaota bonge vile vile. Baadae kabisa dokta wangu alinambia kuwa ugonjwa huu una tabia hiyo, mahali penye kuumizwa, iwe kwa sindano, kwa wembe au kwa kujigonga, ndo penye kuinuka bonge jipya. Lakini wakati ule nani anajua.

Halafu wakaja watu wa mapenzi mema. Shangazi akasema damu chafu, nende nikaumikwe, nikapigwa chuku begani vikombe vinne, wiki zile zile bega likavimba na kuuma nikawa silali upande huo. Mama mkwe akasema kuna jicho la mtu, akanipeleka kusomewa na kupewa kombe. Kusomewa sikatai na sijutii, nlipata utulivu wa roho na hakuna kilichoniumiza, tena mpaka leo nasoma. Chuku ndo nnaijutia. Na kukandwa, maana kuna bibi mmoja alikuwa akinikanda yale mabonge kwa mafuta ya habasoda ya moto kwa nguvu zake zote "ili yayayuke", na mie nimeuma upindo wa kanga machozi yananitoka.

Mwezi wa 11 likatoka la shavuni. Shavu la kulia, chini kidogo ya mfupa. Hapo ndo baba watoto aliogopa kweli, akasema sasa basi, tunavuka maji.

Tukavuka mwanzo wa 2019, Unguja kwanza. Nikatolewa kipande cha ngozi kwenda kupimwa, wanaita bayopsi, kwa kile kichuma kidogo cha kutoboa, dakika kumi tumemaliza. Majibu yakaja: ngozi nzima, haina tatizo. Nikafurahi nusu saa, halafu nikakaa nikawaza, mbona mabonge yapo? Nilikuja kuelewa baadae kuwa ile ngozi kweli ilikuwa nzima. Ugonjwa uko chini yake, kwenye shahamu, yaani yale mafuta ya chini ya ngozi, na kile kichuma hakikufika huko. Ni kama umekwenda kuangalia kama kisima kina maji ukatia mkono mdomoni mwa kisima ukarudi ukasema kikavu. Kama kuna mtu anasoma hapa na kaambiwa bayopsi yake haina kitu na bado ana mabonge, amuulize dokta wake swali moja tu, kile kipande kilifika kwenye shahamu au hakikufika.

Dar es Salaam mwezi wa 5 nikampata dokta wa ngozi aliyenibonyeza yale mabonge kimya kimya, akashika shavu, akashika bega, halafu akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Jua linakusumbua? Vidonda mdomoni unapata? Nywele zinatoka? Viungo asubuhi vinakaza? Kwenu kuna mtu mwenye ugonjwa wa viungo? Nikamwambia viungo vinakaza ndio, nnadhani ni kuinama kugeuza karafuu. Akacheka kidogo. Akasema nataka kipande kingine, na safari hii nitachimba. Na akachimba kweli, nyuzi tano, nikabaki na kovu refu kama kidole gumba. Akanambia wazi kwa nini hawezi kunipa dawa kwa kubahatisha: kuna saratani ya damu inayokaa kwenye shahamu hiyo hiyo ya chini ya ngozi na inafanana mno na ugonjwa anaoushuku, huwezi kuzitenganisha kwa macho. Kipande kimekwenda maabara, mie nikarudi nyumbani kwa shemeji Ilala, nangoja, na Ramadhani imeshaandama.

Majibu yakatoka mnamo kumi la mwisho. Lupasi. Si ile ya figo na mapafu ambayo watu wengi wameisikia, hii imeshika shahamu, jina lake refu ni lupasi panikulaitisi, wengine huiita lupasi profandasi, yaani ya kina. Mabonge yanapenda mikono ya juu, mabega, mashavu, makalio, mapaja, na kwa wanawake hata maziwa, hebu fikiria kwa mwanamke bonge la ziwa hofu yake ilivyo. Kinga ya mwili ambayo kazi yake kupigana na vijidudu inageuka kuila shahamu ya mwenyewe. Lupasi ni Kilatini, mbwa mwitu, na usiku ule nilisoma kwenye simu kuwa huyu wa kwenye shahamu alielezwa mara ya kwanza 1883 na dokta mmoja wa Vienna anaitwa Kaposi, nikajiambia kumbe miaka yote hiyo imeshaandikwa na mie nimekandwa habasoda.

Dokta akanipima damu na mkojo, maana wengine inakuwa ya shahamu tu na wengine inakuwa ni mlango wa lupasi ya mwili mzima. Figo zilikuwa salama alhamdulillah. Mpaka leo mkojo napima kila baada ya miezi, kuangalia kama unavuja protini, hata nikijisikia mzima kama ng'ombe.

Basi nikapewa dawa mbili. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, vidonge vya mg 5, sita kwa siku. Na haidroksiklorokwini ya mg 200, leo kimoja, kesho viwili, keshokutwa kimoja, namna hiyo, kwa sababu inapimwa kwa uzito, haizidi mg 5 kwa kila kilo kwa siku, na mie nlikuwa kilo 61. Nilimuuliza kuhusu funga. Akasema prednisoloni kula daku ukishashiba, usile tumbo tupu, na hiyo nyengine kula na futari. Tukaelewana. Siku zile za mwisho nikazifunga na dawa zangu, na Idi nikaisali Dar.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa. Hizi dawa mbili nilizifahamu kinyume chake.

Prednisoloni niliipenda siku ya tano tu. Wallahi siku ya tano. Maumivu yakaondoka, bonge la shavu likalainika, viungo vya asubuhi vikawa kama vya mtoto, nlikuwa naamka nafagia uwanja kabla ya jua. Nikampigia mamaangu simu nikamwambia mama dawa imepatikana. Wiki ya pili yale makubwa yote yalikuwa yanarudi chini. Haidroksiklorokwini kwa upande wake haikufanya chochote nnachokiona isipokuwa kuniwasha. Watu wazima wanaikumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria ya zamani, wengi wetu ilikuwa ikituwasha mwili mzima mpaka unajikuna na gunzi, huyu ni ndugu yake, na kwangu mie ndugu alirithi tabia. Wiki mbili za mwanzo viganja na nyayo zinawasha usiku. Nikakaa nikapiga hesabu za mwalimu: moja inaniponya, moja inaniwasha, moja naipata famasi yoyote hapa Pemba kwa bei ya maji, nyengine lazima iagizwe Dar na ije na mtu kwa boti. Sasa ya nini? Mwanzo wa mwezi wa 7 nikaiacha. Sikumwambia mtu, hata baba watoto. Kikopo kipo kabatini kimejaa, akiuliza nakula, nnamjibu nnakula.

Na prednisoloni nayo dokta alikwisha nipangia kuipunguza, kidonge kimoja kila wiki mbili. Ikafika vidonge vinne, sawa. Vitatu, sawa. Viwili, mwezi wa 8, mabonge yakarudi yote na yakaleta wageni, moja pajani, jengine shavu la pili. Na pale kwenye lile la kwanza la mkono, ambalo lilikuwa limekwisha lala, sasa pakaanza kuingia ndani. Yaani badala ya bonge pakawa na shimo. Ukipitisha kidole unaingia kama kwenye kijiko.

Nikarudi Dar. Dokta akaniuliza ile nyengine unakula? Nikasema ndio. Akaninyamazia. Akaniuliza inakuwasha bado? Nikasema hapana, imeacha. Akasema imeacha yenyewe au wewe ndo umeiacha? Nikashindwa kumtazama usoni. Mwalimu mzima nimekaa kama mtoto alokamatwa na andazi.

Hakunigombeza. Alichukua karatasi akanichorea. Akasema prednisoloni inaingia leo, kesho unaiona, na ukiacha inaondoka upesi, ndo maana unaiona ina nguvu. Haidroksiklorokwini inajijaza mwilini kidogo kidogo, ni dawa nzito kutoka, kiasi ulichokunywa leo kitachukua kama siku 40 kupungua nusu yake, kwa hivyo na kujaa pia kunachukua miezi. Usiihukumu kabla ya mwezi wa tatu, na wengine mpaka wa sita. Hii prednisoloni nimekupa ikushikie nyumba mpaka mwenyewe afike, na wewe mwenyewe umemfungia mlango. Akasema tena neno ambalo limenikaa: hilo shimo la mkononi ni shahamu iliyokwisha kufa, hakuna dawa nitakayokupa ya kulijaza, dawa zangu ni za kuzuia mashimo mapya, kila mwezi unaopoteza ni shimo.

Nililia njia nzima mpaka Bandarini.

Nikaanza upya. Kwa kuwashwa akanipa setrizini ya usiku, na kweli baada ya wiki tatu nne kuwashwa kukaisha. Kwa tumbo, kula dawa na chakula, si baada ya chai kavu. Prednisoloni akaipandisha tena mpaka 20.

Kosa la pili likaja kwa upande wa pili, yaani ile niliyoipenda. Maana prednisoloni unaipenda mwezi wa kwanza, mwezi wa nne inaanza kukudai. Nlikuwa nakula kama nimetumwa, sahani ya mseto naimaliza naangalia sufuria. Uso ukawa duara, shingo nyuma ikapanda nundu, nikapata chunusi nna miaka 34. Skuli watoto wakasema mwalimu kanenepa. Mawifi wakawa wananitazama tumbo, mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "hongera basi, mbona unatuficha?" Na mwisho wa mwezi wa 9 ilikuwa harusi ya wifi mdogo, mie ndo wa kupamba, picha zitapigwa, na uso kama chungu cha kupikia. Nikasema naacha wiki moja tu, uvimbe ushuke, halafu naendelea. Nlikuwa kwenye vidonge vitatu kwa siku. Nikaacha vyote.

Siku ya tatu nikawa nahisi kama nimepigwa. Siku ya nne, ndo siku ya harusi yenyewe, niliamka natapika, nikisimama dunia inazunguka, tumbo linauma, mwili hauna hata nguvu ya kuinua kanga. Wao wakafurahi wakijua mimba! Mpaka nilipoanguka chooni. Nikapelekwa spitali presha imeshuka chini kabisa, bahati yangu baba watoto alibeba mfuko wa dawa zangu wote, yule dokta wa zamu alipoona kile kikopo akaniuliza umeacha lini, akaelewa pale pale, nikatiwa dripu na sindano ya haidrokotisoni, jioni naongea. Alinifahamisha kuwa mwili una homoni yake ya namna hiyo inayotengenezwa kwenye tezi za juu ya figo, ukila prednisoloni kwa muda mrefu zile tezi zinalala usingizi, ukiacha ghafla hakuna anayetengeneza, na watu hufa kwa hilo. Lazima ishushwe kidogo kidogo ziamke. Harusi sikuiona. Picha nnazo, za wenzangu.

Basi kutoka hapo niliifata njia iliyonyooka. Prednisoloni ikashushwa kwa kidonge kimoja, baadae kwa nusu kidonge, na pamoja nayo kalsiamu na vitamini D ya mifupa, maana prednisoloni inakula mifupa na mie tena jua nimekatazwa. Haidroksiklorokwini kila siku na futari yangu, yaani nlivyozoea kuiita "futari" hata si Ramadhani. Mwezi wa 10, hakuna kipya nnachokiona. Mwezi wa 11 nikagundua jambo moja kwa bahati, nlikuwa naoga nikapitisha mkono kuhesabu mabonge kama kawaida yangu, yalikuwa tisa, nikakuta sita. Nikahesabu tena. Sita. Disemba manne. Januari 2020 hakuna jipya na ya zamani yamekauka, moja la bega limekuwa gumu kama changarawe mpaka leo, dokta anasema ni chokaa imejikusanya humo, lisiguswe.

Haina shangwe dawa hii. Hakuna siku ya tano ya kumpigia mama simu. Unagundua tu siku moja kwamba siku nyingi zimepita hujaumwa.

Halafu likaja la Korona. Mwezi wa 3 mwaka 2020 skuli zikafungwa, na Marekani huko Rais wao Donald Trump akawa anaisifu haidroksiklorokwini kuwa ni dawa ya Korona, dunia nzima ikaikimbilia. Ile dawa niliyoidharau nikiipata Dar bila foleni, sasa famasi zote "imeisha dada, ikija inachukuliwa na katoni". Mwezi wa 6 wenyewe Marekani wakaondoa ruhusa ya dharura waliyoitoa maana haikuonekana kusaidia Korona, lakini rafu zilikwisha kuwa tupu. Mie nlikuwa na vidonge 41. Nikavihesabu kama mtu anahesabu pishi za karafuu za mwisho. Dokta kwa simu akasema kula kimoja kila siku, halafu kimoja siku moja na kuacha moja, inakaa mwilini muda mrefu, huenda ikatuvusha. Ikanivusha kweli mpaka mwezi wa 8, hapo likainuka moja, pajani. Mwezi wa 9 dawa ikarudi madukani. Kutoka siku hiyo sikai na chini ya miezi mitatu ndani ya nyumba, nimewekea kikopo cha Kimbo kilichoandikwa TANGAWIZI ili watoto wasiguse, na kipo juu kabisa maana vidonge vichache tu vya dawa hii ni sumu ya kumuua mtoto.

Prednisoloni nikaimaliza kabisa 2021.

Jua sasa. Watu huku wananambia wewe mweusi, umezaliwa juani, jua litakufanya nini. Mie na dokta tumeshabishana na hilo mpaka nikakubali: weusi unakinga kuungua, haukingi lupasi. Mwale unaoichokoza ugonjwa huu unapita mawinguni, unapita hata kioo cha gari. Wengine wanauliza kama buibui linatosha, nasema linatosha sana tena ni neema, nguo nzito nyeusi iliyofumwa vizuri inakinga kuliko losheni, kilichobaki ni uso na viganja. Kanga nyepesi peke yake hapana. Usoni napaka losheni ya jua, ninayopata mimi ni ile inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino, inaacha weupe kidogo, siku za mwanzo wanafunzi walicheka mwalimu kapaka unga, baadae wakazoea. Mwamvuli nao, hata kama hakuna mvua. Na karafuu sianiki tena. Mie kazi yangu ni usiku, kuchambua, mchana wanageuza mamaangu na watoto na wananisema, "bibi harusi huyo ndani". Msimu wa mwanzo iliniuma. Siku hizi nawapikia uji wa kunde tunakuwa sawa.

Kuna dawa nyengine pia ambazo mie hazikunifika lakini wenzangu wanazo. Dapsoni ni moja, hii ukitajiwa uliza kwanza kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, maana watu wa mwambao na visiwani wengi tuna upungufu huo tangu kuzaliwa na dapsoni inaweza kukuvunja damu. Methotreksati ni nyengine, dokta alinipa fikra yake nikamwambia nataka mtoto, akaifunga kalamu, hiyo haiendi na mimba hata kidogo. Haidroksiklorokwini inakwenda. Nilipopata mimba 2022 mama mkwe alitaka niiache, kila mtu alitaka niiache, nesi mmoja wa kliniki pia. Dokta akasema usithubutu, mama akilipukiwa na lupasi ndo hatari kwa mtoto, dawa hii inamlinda. Nikala miezi tisa yote. Mtoto yupo, anapanda mipera.

Na kujaza mashimo je? Nimeulizwa sana hilo, khasa na wasichana walopata shavuni. Yapo mambo ya kuchukua shahamu sehemu nyengine ya mwili na kuijaza pale, lakini sharti ugonjwa uwe umelala muda mrefu, na kila sindano kwa ugonjwa huu ni kumchokoza aliyelala, usisahau bonge langu la makalio. Mie shavu langu limebaki na kibonde, ukinipiga picha upande wa kushoto huoni. Mkono ndo una shimo kubwa, fundi wangu wa nguo alipopima mkono mara ya kwanza aliondoa futi haraka kama ameshika kitu cha siri, nikamwambia pima tu, pima na shimo lake.

Siku hizi naletewa watu. Juzi kaja mama mmoja kutoka Konde na binti yake, kibonge kwenye mkono, wiki ya saba, keshapewa miadi ya kupasuliwa. Nikambonyeza kwa juu tu, sikusema ni lupasi, mie si dokta, na mabonge yana sababu nyingi, kifua kikuu kimo, majipu ya kweli yamo. Nikamwambia kabla ya wembe, mpime. Akaniomba vile vidonge vyangu vya prednisoloni vilivyobaki, kasikia vinaponya siku tano. Nikamwambia sina. Ninavyo, vimekwisha muda wake, vipo kabatini sijui navihifadhia nini.

Mwezi ujao nna miadi ya macho Dar. Haidroksiklorokwini ikikaa miaka inaweza kugusa nyuma ya jicho, si kwa wengi ukiwa kwenye kipimo chako, lakini ikigusa hairudi, kwa hivyo nilipimwa mwanzoni na baada ya kutimiza miaka mitano ni kila mwaka, unaweka kidevu kwenye mashine wanapiga picha ya ndani ya jicho. Mwaka jana yalikuwa safi. Tiketi ya boti nimekata ya Jumamosi, na nimeshawaahidi wanafunzi wa darasa la nne kuwa narudi kabla ya mtihani.